Gesi ya shale, sheria na siasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanarudi kila tukigusa habari za gesi, nimeona bora niyajibu yote sehemu moja. Mifano mingi nitaitoa Argentina, kwa sababu pale ndo utakuta kila aina ya kituko ambacho serikali inaweza kumfanyia mwekezaji, kutaifisha, kugandisha bei, kuzuia dola, kukata ruzuku katikati ya safari, na bado watu wanachimba. Nchi nyingine nitazigusa pale zinapofundisha kitu.

Gesi ya shale ni nini hasa, na inatofautiana vipi na ile ya Songo Songo, Tanzania?

Gesi ni ile ile, methane, ukiiwasha jikoni huwezi kujua imetoka wapi. Tofauti iko kwenye mwamba. Songo Songo gesi imejikusanya kwenye mwamba wa mchanga wenye vitundu, ukitoboa inapanda kwa presha yake yenyewe na kisima kimoja kinaweza kutoa kwa miaka na miaka. Shale ni tope la zamani lililogandamana likawa jiwe, gesi imenasa humo ndani haitembei, kwahiyo unachoronga kwenda chini kilomita mbili tatu, unakata kona unaenda ubavuni kilomita nyingine mbili tatu, alafu unasukuma maji na mchanga na kemikali kidogo kwa presha kubwa mpaka mwamba unapasuka. Hiyo kupasua ndo inaitwa frakingi. Mchanga unabaki kwenye nyufa ili zisijifunge tena.

Sasa kuna jambo moja ukilishika hapa mengine yote utaelewa: kisima cha shale ni kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa, kinafoka mwanzo alafu kinapoa haraka. Mwaka wa kwanza tu uzalishaji unaweza kushuka zaidi ya nusu. Ukitaka kiwango kisishuke inabidi uchoronge visima vipya mwaka huu, mwakani na mwaka unaofuata, hakuna kukaa ukala matunda.

Hilo la kisima kupoa linahusiana nini na siasa?

Linahusiana sana. Chukua mradi wa bahari kuu kwanza: kampuni inazamisha mabilioni ya dola kabla ya kuuza hata chembe ya gesi, na zikishazama haziwezi kurudi, hapo serikali inapata nguvu, inaweza kusema turudi mezani na mwekezaji hana pa kukimbilia. Kwenye shale hela inatoka vipande vipande. Kisima kimoja pale Argentina kinakula kama dola milioni 10 hadi 15, unachoronga vinne, unaangalia mambo, unachoronga vingine vinne. Serikali ikigeuza masharti leo, mwekezaji hahitaji kwenda mahakamani wala kupiga kelele, anaacha tu kuchoronga, mitambo inapakiwa kwenye malori, na baada ya mwaka mmoja gesi imeshuka yenyewe.

Maana yake ukitaifisha uwanja wa shale umechukua visima vinavyokufa. Utajiri wenyewe uko kwenye visima ambavyo bado havijachorongwa, na hivyo vinahitaji mtu mwenye hela na utaalamu akuamini kila mwaka upya. Ndo maana mimi huwa sishtuki sana nikisikia nchi ina mrabaha mkubwa (ile sehemu ya mapato anayolipwa mwenye rasilimali) au kanuni kali, nashtuka nikisikia zimebadilishwa mara tatu ndani ya miaka mitano.

Kwa nini Marekani walifanikiwa na wengine wamekwama?

Watu wengi hujibu "teknolojia" wanaishia hapo. Teknolojia ipo, ndiyo, George Mitchell na kampuni yake walihangaika na mwamba wa Barnett kule Texas karibu miaka 20 mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 walipopata mchanganyiko wa maji mepesi uliofanya kazi, na mwaka 2002 kampuni ya Devon ikawanunua kwa zaidi ya dola bilioni 3. Lakini uliza, nani angevumilia kupoteza hela miaka yote hiyo? Serikali ilikuwa imeweka punguzo la kodi kwa gesi ngumu kama hii tangu 1980, na punguzo hilo likakaa, visima vilivyochorongwa kabla ya mwisho wa 1992 viliendelea kulipata mpaka 2002. Congress zilibadilika, marais walibadilika, punguzo halikuguswa kienyeji.

Alafu kuna umiliki. Marekani mwenye ardhi mara nyingi ndiye mwenye kilichomo chini yake pia, kwahiyo kampuni inakaa mezani na mkulima, inamlipa hela ya kusaini, na gesi ikitoka anapata mrabaha wake, zamani moja ya nane, siku hizi sehemu nyingine robo. Mkulima aliyeona cheki mkononi hawezi kuandamana. Kwetu na sehemu kubwa ya dunia gesi ni mali ya umma, ambayo ni sawa tu, ila jirani wa kisima anapata vumbi, malori na kelele, na hela inaenda mji mkuu.

Ongeza na msimamizi anayejua kazi. Texas mafuta na gesi vinasimamiwa na Tume ya Reli, msicheke, jina ni la zamani na reli yenyewe haisimamii tena, lakini imeshughulika na visima zaidi ya miaka 100 na kibali unapata ndani ya siku chache. Na mwaka 2005 sheria ya nishati ikaitoa frakingi, isipokuwa ile inayotumia dizeli, nje ya sheria ya shirikisho ya usalama wa maji ya kunywa. Wanamazingira mpaka leo wana hasira na hicho kifungu, na wana hoja, ila kwa mwekezaji ilikuwa ni ujumbe kwamba Washington haitaingilia, malizaneni na jimbo.

Lakini si kuna majimbo ya Marekani yaliyopiga marufuku?

Yapo, na huu ndo mfano mzuri kuliko yote kwa sababu mwamba ni ule ule. Mwamba wa Marcellus uko Pennsylvania na unavuka mpaka unaingia New York. Upande wa Pennsylvania wamechoronga maelfu ya visima mpaka jimbo limekuwa la pili kwa gesi Marekani nzima baada ya Texas. Ukivuka kuingia New York, sifuri. Walisimamisha vibali 2008, Desemba 2014 serikali ya gavana Andrew Cuomo ikatangaza marufuku kwa sababu za kiafya, na 2020 wakaiingiza kwenye sheria kabisa. Jiolojia haikubadilika pale mpakani, kilichobadilika ni saini.

Na New York haikuishia kwenye visima. Bomba la Constitution lililotakiwa kutoa gesi Pennsylvania kupitia New York lilinyimwa kibali cha maji 2016 na wenyewe wakalifuta 2020. Kwahiyo unaweza kuwa na jimbo rafiki, visima vizuri, bei nzuri, na jirani akakuzibia njia. Bomba la Mountain Valley kule West Virginia na Virginia lilipigwa danadana mahakamani mpaka Congress yenyewe ikapitisha kifungu 2023 cha kulazimisha vibali vitoke, gesi ikaanza kupita 2024.

Texas nako si shwari moja kwa moja. Mji wa Denton, ambao uko juu kabisa ya mwamba wa Barnett, wananchi walipiga kura Novemba 2014 kukataa frakingi ndani ya mji. Miezi sita haijaisha vizuri bunge la jimbo likapitisha sheria kwamba miji haina mamlaka ya kuzuia. Kwa mwekezaji safi, kwa watu wa Denton sijui wanasemaje wakikumbuka kura zao.

Kanuni kali za mazingira zinafukuza wawekezaji?

Hapana, sio zenyewe. Jimbo la Colorado waliweka kanuni za kudhibiti uvujaji wa methane tangu 2014, wakiwa wa kwanza Marekani, alafu 2019 wakabadilisha sheria nzima ili afya na mazingira vitangulie, kukaja na umbali wa futi 2,000 kati ya kisima na nyumba. Kampuni zililalamika, zikafanya hesabu upya, zikaendelea kuchoronga kwenye wilaya ya Weld kule kule. Pennsylvania wao tangu 2012 wanatoza ada ya kila kisima kwa mwaka, na sehemu kubwa inarudi kwenye halmashauri zenye visima, jumla imeshapita dola bilioni 2, na hakuna aliyehama kwa ajili hiyo.

Kinachofukuza ni kanuni isiyotabirika, au kanuni iliyowekwa pale ambapo kazi haiwezekani. Soma jibu linalofuata.

Uingereza ilikuwaje? Si waliruhusu, wakazuia, wakaruhusu tena?

Hiyo ni sinema. Kampuni ya Cuadrilla ilipasua mwamba Preese Hall, jirani na Blackpool, mwaka 2011, ardhi ikatetemeka, kipimo 2.3, shughuli ikasimamishwa. Desemba 2012 serikali ikaruhusu tena lakini kwa mfumo wa taa za barabarani: mtetemeko ukifika 0.5 wakati unasukuma maji ni taa nyekundu, simama, subiri saa 18 ndo uendelee. Sasa 0.5 ni kitu ambacho mtu aliyekaa sebuleni hakisikii kabisa. Fikiria uko na wahandisi, pampu, malori ya mchanga, kila saa inakula hela, na kila kidogo unasimama mpaka kesho.

Kwenye eneo la pili, Preston New Road, halmashauri ya Lancashire ilikataa 2015, waziri Sajid Javid akaipindua 2016, kupasua kukaanza Oktoba 2018, Agosti 2019 ukatokea mtetemeko wa 2.9 ambao huo watu waliusikia vizuri tu, Novemba mwaka huo serikali ikapiga stop. Septemba 2022 waziri mkuu Liz Truss akaondoa zuio. Oktoba 2022 Rishi Sunak aliyempokea akalirudisha. Mwezi mmoja! Hata kama ungekuwa na imani na Truss, ndani ya mwezi mmoja huwezi hata kukodi mtambo.

Na kumbuka kule gesi ni mali ya serikali, sheria ya 1934. Mwenyeji alikuwa anaahidiwa paundi 100,000 kwa kijiji kwa kila eneo la kisima cha utafiti na asilimia 1 ya mapato baadaye, ukilinganisha na cheki ya mkulima wa Texas unaona kwa nini Lancashire walikaa barabarani na mabango.

Sawa, tuje Argentina. Vaca Muerta ni kubwa kiasi gani?

Ni mwamba wenye ukubwa wa kama kilomita za mraba 30,000, sehemu kubwa iko jimbo la Neuquén, Patagonia. Makadirio ya mamlaka ya nishati ya Marekani ya 2013 yaliipa Argentina nzima futi za ujazo trilioni 802 za gesi ya shale inayoweza kutolewa kitaalamu, ya pili duniani baada ya China, na Vaca Muerta peke yake 308. Tanzania tunasema tuna 57 na tunajivunia, japo tusilinganishe moja kwa moja, "inayoweza kutolewa kitaalamu" haina maana ina faida kuitoa.

Argentina walitaifisha YPF, kampuni yao kubwa ya mafuta, inakuwaje wawekezaji wakarudi?

Hii ndo naipenda. Novemba 2011 Repsol ya Hispania, iliyokuwa inaimiliki YPF, inatangaza ugunduzi mkubwa Vaca Muerta. Aprili 2012 rais Cristina Fernández de Kirchner anatangaza kuchukua asilimia 51 ya hisa kutoka kwa Repsol. Unafikiri hapo kila mtu angekimbia, na wengi kweli waliganda. Lakini Julai 2013, mwaka mmoja na kidogo baadaye, Chevron wanasaini na YPF hiyo hiyo dili la dola bilioni 1.24 kuanza uwanja wa Loma Campana huko Vaca Muerta.

Walifanyaje? Serikali iligundua haraka kwamba imebaki na mwamba bila hela. Ikatoa amri namba 929 ya 2013: ukiwekeza dola bilioni 1 ndani ya miaka mitano, baada ya hapo unaruhusiwa kuuza nje asilimia 20 ya uzalishaji wako bila ushuru na dola zako zinabaki zako. Jimbo la Neuquén nalo likatoa leseni ya miaka 35. Mwaka 2014 sheria mpya ya mafuta ikafanya miaka 35 kuwa ya kila mtu mwenye shale na ikashusha kiwango cha chini cha uwekezaji mpaka dola milioni 250. Repsol nao wakafidiwa 2014, dola bilioni 5, kwa hati fungani.

Ona hapo: serikali ile ile, rais yule yule, amechukua kwa mkono mmoja na kubembeleza kwa mkono mwingine. Shale inakulazimisha.

Tatizo kubwa zaidi la wawekezaji pale ni lipi, kodi?

Dola. Kodi unaijua unaiweka kwenye hesabu. Ila ukichimba, ukauza, ukapata peso, alafu benki kuu inakwambia huwezi kubadilisha kuwa dola kutuma gawio kwa wenye hisa, au unaweza kwa bei rasmi ambayo ni nusu ya bei ya mtaani, hapo faida yako ipo kwenye karatasi tu. Wenyewe hicho kizuizi wanakiita cepo, yaani pingu. Kiliwekwa 2011, rais Mauricio Macri akakitoa Desemba 2015 alipoingia, kisha yeye mwenyewe akakirudisha Septemba 2019. Aprili 2025 rais Javier Milei akakilegeza, watu binafsi wakaachiwa, kampuni zikaruhusiwa kutoa faida za kuanzia mwaka huo, zile za nyuma zikabaki na utaratibu wake.

Waliofanya biashara Tanzania 2023 dola zilipoadimika benki wataelewa haraka hii habari.

Serikali ya Macri si ilikuwa rafiki wa wafanyabiashara? Mbona nao walilalamika?

Ndo hapo utaona kwamba "rafiki wa biashara" haitoshi. Mwaka 2017 serikali ya Macri ilitoa azimio namba 46: ukizalisha gesi mpya ya Vaca Muerta utahakikishiwa dola 7.50 kwa kila uniti milioni ya joto mwaka 2018, itashuka senti 50 kila mwaka mpaka dola 6 mwaka 2021. Bei tamu sana. Tecpetrol, ambayo ni kampuni ya hapo hapo Argentina ya kundi la Techint, ikaingia kwa nguvu zote Fortín de Piedra, ikamwaga karibu dola bilioni 2, na ndani ya kama mwaka na nusu uwanja uliokuwa jangwa tupu ulikuwa unatoa zaidi ya asilimia 10 ya gesi ya nchi nzima. Walifanya kile walichoambiwa wafanye.

Shida, gesi ikawa nyingi kuliko serikali ilivyopanga na ruzuku ikawa kubwa, na wakati huo Argentina imeshaingia kwenye mkopo wa IMF inabana matumizi. Mwanzoni mwa 2019 serikali ikasema tutalipia ile gesi mliyoikadiria kwenye maombi yenu tu, ya ziada uzeni sokoni. Tecpetrol wakapunguza kuchoronga, wafanyakazi wakasimamishwa, kampuni ikaenda mahakamani.

Agosti mwaka huo huo Macri akashindwa vibaya kura za mchujo, peso ikaanguka Jumatatu yake, na ndani ya siku chache akatoa amri namba 566: kwa siku 90 mafuta ghafi ya ndani yatahesabiwa kwa peso 45.19 kwa dola na pipa dola 59, wakati dola mtaani imeshakaribia peso 60. Piga hesabu hapo, mzalishaji amekatwa karibu robo ya kipato usiku mmoja, na aliyemkata ni rais wa soko huria anayetafuta kura. Mimi nadhani ile amri iliharibu jina la Argentina kuliko maneno mengi ya wanaotaka kutaifisha, kwa sababu wale angalau unajua watakachofanya.

Uchaguzi unaathiri vipi uwekezaji?

Miezi sita kabla ya uchaguzi mkubwa bodi nyingi zinasubiri. Sio kwamba zinaogopa mgombea fulani, zinaogopa kusaini leo kitu kitakachosomwa upya baada ya kiapo. Marekani yenyewe haikusalimika: Januari 2024 Biden alisimamisha vibali vipya vya kuuza nje LNG, yaani gesi iliyopozwa ikawa kimiminika ili isafiri kwa meli, jaji mmoja Louisiana akazuia amri hiyo Julai, Trump akaifuta Januari 2025 siku ya kwanza ofisini. Wateja wa Asia na Ulaya waliokuwa wanapanga mikataba ya miaka 20 walibaki wanaangaliana.

Mkataba wenye kifungu cha uthabiti unamlinda mwekezaji?

Kifungu hicho ni ahadi kwamba masharti hayatabadilishwa, na kinamlinda polepole sana. Baada ya mgogoro wa 2001 na 2002 Argentina iligeuza bei za gesi na mabomba kutoka dola kwenda peso ikazigandisha. Kampuni ya CMS ya Marekani iliyokuwa na hisa kwenye bomba ikafungua shauri la usuluhishi Washington, 2005 ikashinda dola milioni 133. Malipo yakaja 2013, tena kwa hati fungani, na kampuni ilikuwa imeshauza haki yake ya kudai kwa watu wengine. Hivyo kwenye karatasi umeshinda, mfukoni ni hadithi ndefu.

Bei zile zilizogandishwa ziliua uzalishaji wa ndani, 2004 Argentina ikaanza kukata gesi iliyokuwa inaiuzia Chile kwa mikataba halali, na 2008 ikaanza kuagiza LNG kwa meli Bahía Blanca. Chile wakajenga bandari zao za LNG. Gesi ilianza kurudi upande wao 2018 tu.

Sasa hivi kuna RIGI, utaratibu wa vivutio kwa wawekezaji wakubwa ulioanza kuwa sheria Julai 2024 chini ya Milei: kuanzia dola milioni 200, uthabiti wa miaka 30, kodi ya mapato asilimia 25 badala ya 35, migogoro inaamuliwa nje ya nchi. Kwenye mafuta na gesi mwanzoni ulilenga zaidi mabomba na mitambo ya LNG, na hapo nakubaliana nao, kwa sababu bomba na LNG ndo hela inayozama isiyorudi, kisima cha shale mwekezaji anaweza kujilinda mwenyewe kwa kuacha kuchoronga. Swali ni kama rais atakayekuja baada ya Milei ataheshimu, na hilo RIGI haliwezi kulijibu.

Poland je? Walisema watakuwa Norway mpya.

Makadirio ya 2011 yaliwapa mita za ujazo trilioni 5.3, mwaka mmoja baadaye wanajiolojia wao wenyewe wakayashusha mpaka bilioni 346 hadi 768. Exxon ikaondoka 2012, Marathon na Talisman 2013, Total na Eni 2014, Chevron na ConocoPhillips 2015. Mwamba ulikuwa mgumu, tusidanganyane. Lakini pia serikali ilikaa miaka inajadili kodi mpya na wazo la kampuni ya serikali kuingia ubia kwenye kila leseni, na mtu mwenye kisima kibovu na sheria isiyoisha kuandikwa hana sababu ya kujaribu kisima cha pili.

Vita vinaua mradi wa shale moja kwa moja?

Ndiyo. Shell walisaini na Ukraine Januari 2013, kitalu cha Yuzivska, kiko Donetsk na Kharkiv. 2014 vita vikaanza hapo hapo. 2015 Shell wakajitoa, Chevron walioko magharibi mwa nchi mbali na mapigano wakawa wameshaondoka mwisho wa 2014.

Kwahiyo nchi tulivu ndo salama?

Utulivu wa rais kukaa muda mrefu sio uthabiti. Algeria imekadiriwa kuwa na futi za ujazo trilioni 707, ya tatu duniani, rais Bouteflika alikaa miaka 20, lakini 2006 waliweka kodi ya faida ya ziada na sharti la Sonatrach, kampuni ya serikali, kuwa na angalau asilimia 51 ya kila mradi, wawekezaji wakapungua kwenye zabuni. Walipojaribu shale In Salah, katikati ya Sahara, Januari 2015 wananchi wakajaa mitaani kwa ajili ya maji yao ya chini ya ardhi. Serikali iliyozoea kuamua kila kitu juu ilikutana na watu wa jangwani ambao hakuna aliyewauliza.

Na shale ya Karoo, lile eneo kame la Afrika Kusini?

Imekwama kwenye makaratasi. Zuio la 2011, likaondolewa 2012, kanuni zikatoka 2015, mahakama ya rufaa ikazitupa 2019 kwa sababu waziri wa madini alijitungia mambo ambayo ni ya waziri wa mazingira. Katikati kulikuwa na muswada wa kuipa serikali asilimia 20 bure, Bunge likaupitisha, Zuma akaurudisha bila kusaini. Shell walipunguza watu wao 2015. Hakuna kisima hata kimoja cha frakingi kilichozalisha.

Tanzania tuna gesi ya shale? Haya yanatuhusu?

Tunayozalisha, Songo Songo na Mnazi Bay, ni ya kawaida, na ile kubwa ya Lindi iko bahari kuu. Ila upande wa sheria yanatuhusu. Mwaka 2017 tulipitisha sheria zinazoliwezesha Bunge kupitia mikataba ya rasilimali na kudai masharti mabaya yajadiliwe upya. Hoja yake inaeleweka kabisa, tulikuwa tumeumia kwenye dhahabu. Lakini mradi wa LNG wa Lindi ni ule wa kuzamisha makumi ya mabilioni ya dola kwanza, na mwenye benki anayeombwa mkopo wa miaka 20 anakisoma kifungu hicho mara mbili. Januari 2021 Equinor, kampuni ya Norway iliyomo kwenye mradi, walifuta dola milioni 982 za thamani ya mradi huo kwenye vitabu vyao. Mazungumzo yalifufuka, makubaliano ya awali yakasainiwa Juni 2022, na tangu hapo ni kusubiri.

Msumbiji jirani zetu wao sheria ilikuwa poa, kilichowakwamisha ni usalama: shambulio la Palma Machi 2021, TotalEnergies wakasimamisha mradi wa dola bilioni 20 mwezi uliofuata na ulikaa hivyo zaidi ya miaka minne.

Naweza kununua hisa za YPF? Na ile kesi yao?

Zinauzwa New York tangu 1993, mwenye akaunti kwa dalali wa nje anaweza, mimi sikushauri ununue wala usinunue. Ila ujue kabla hujaweka hela: katiba ya kampuni ilisema atakayechukua udhibiti lazima atoe ofa ya kununua hisa za wote, serikali 2012 ikachukua za Repsol tu, wenye hisa wengine hawakupewa ofa. Mmoja wao, kampuni ya Petersen, alifilisika, haki yake ya kudai ikanunuliwa na Burford ambao kazi yao ni kufadhili kesi, na Septemba 2023 jaji Loretta Preska wa New York akaamuru Argentina ilipe dola bilioni 16.1. Nchi ikakata rufaa. Aliyeamriwa kulipa ilikuwa serikali sio kampuni, lakini serikali hiyo hiyo ndo yenye asilimia 51 ya hiyo hisa unayotaka kununua, na Juni 2025 jaji huyo aliamuru hata hizo hisa zikabidhiwe, nalo likakatiwa rufaa.